Kufuga na kupanda farasi ukiwa Nakuru: mwongozo kamili kutoka kwa Mama Farasi

Siku Mzee, farasi wangu, aliposhuka kwa lori hapa kwetu Njoro, majirani walikuwa wamejaa kwa fensi kama wamekuja harambee, na swali la kwanza lilitoka kwa babu wa boma la pili. "Na hiyo inatoa maziwa?" Nikasema hapana. "Inalima?" Hapana baba, hailimi. "Basi itachinjwa lini?" Nikacheka tu. Akaniangalia vile mtu huangalia mtoto aliyetumwa unga akarudi na pipi, akaenda zake. Sasa ni miaka sita na kuna watoto huku wananiita Mama Farasi na hawajui jina langu lingine, na swali bado liko palepale, ananisaidia na nini.

Sasa wacha niandike kila kitu hapa mara moja, kwa yule ambaye amekuwa akitamani na hajui aanzie wapi. Sitakudanganya ati ni rahisi. Farasi hula pesa kuliko ng'ombe wawili na harudishi hata maziwa ya chai. Furaha iko, tena nyingi, lakini haiko pale watu hudhani. Watu hudhani ni ile ya kukaa juu upepo ukikupiga usoni, na hiyo nayo ni saa moja kwa siku ukibahatika. Zile saa zingine zote uko chini, na gumboots, ukichota maji na kusukuma wilbaro. Mtu asiyependa hiyo ya chini asinunue, alipie tu kupanda wa wengine, ni bei nafuu sana.

HATUA YA KWANZA: KAA NA FARASI WA MTU KWANZA

Mimi nilianza kwa kufagia mavi. Sitanii. Ukitoka Nakuru ukielekea Elementaita, Gilgil hadi Naivasha kuna mashamba yenye farasi, na Gilgil watu wamecheza polo miaka na miaka, kwa hivyo huku Rift hatuko mbali na farasi vile watu hufikiria. Tafuta mahali wanafundisha, lipia masomo ya kupanda, halafu omba ruhusa ya kufika mapema, saa kumi na mbili asubuhi, wakati wanalishwa. Hapo ndipo utajua kama unapenda farasi ama unapenda picha za farasi.

Jipe miezi mitatu angalau. Kwa hiyo miezi mitatu ujue kumfunga kamba ya kichwa na kumwongoza, kusafisha kwato zote nne, kumbrashi, kumwekea tandiko na kumtoa, na kupanda akitembea na akienda matiti, ile mbio ndogo ya kudundadunda, bila kushikilia singa, zile nywele za shingo yake, kama mtu anazama. Hiyo ya kwenda shoti, yaani mbio kali, itakuja yenyewe, wacha haraka.

Mwalimu wangu wa ukweli hakuwa yule niliyemlipa. Alikuwa guka mmoja, yaani babu, saisi (mtunza farasi) tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza nilimwendea farasi kutoka nyuma nikitaka kumshangaza na karoti, guka akanishika mkono. "Mama, usimjie nyuma kama mtu anadai deni." Halafu akanieleza. Macho ya farasi yako kando ya kichwa kwa hivyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na pale mbele karibu na paji la uso. Ukitokea mahali haoni, atafanya vile mababu zake walifanya simba akitokea, yaani teke kwanza maswali baadaye. Mwendee ukielekea begani, ongea ukiwa bado mbali, mwache akunuse mkono. Kila siku, hata kama mnajuana miaka kumi.

HATUA YA PILI: MAHALI PA KUMWEKA

Eka moja inaweza kutosha kama utakuwa unanunua nyasi, eka mbili ni afadhali. Ukiwa na ploti ya 50 kwa 100 pale Lanet sahau kabisa, au ukubaliane na mtu mwenye shamba umlipe amweke.

Fensi ndio makosa ya watu wengi. Sisi tumezoea seng'enge ya miiba kwa sababu ya ng'ombe. Farasi akishtuka hukimbia bila kuangalia, na ngozi yake ni nyembamba, seng'enge inamchana mguu mpaka mfupa. Tumia mbao, ama waya laini yenye stima ya sola na utepe mweupe ambao anauona. Kama huwezi kutoa seng'enge yote mara moja, weka angalau mbao ya juu ili ajue hapo kuna ukuta.

Banda liwe futi 12 kwa 12 hivi, paa liwe juu, na upepo upite. Usimfungie kama kuku. Watu wa Molo na Njoro huogopa baridi ndio wanaziba kila tundu, halafu mkojo unatoa harufu kali ya kuchoma macho na farasi anaanza kukohoa. Baridi kavu haimsumbui. Kinachomsumbua ni mvua na upepo vikija pamoja, ndio maana anahitaji mahali pa kujikinga hata akiwa nje. Chini weka takataka za mbao kutoka kwa seremala au majani ya ngano, na huku kwetu baada ya mavuno majani ya ngano ni mengi, unapata kwa bei ya soda.

Angalia miti pia kabla hajafika. Avokado. Karibu kila boma huku lina mti wa avokado na majani yake ni sumu kwa farasi, na matunda pia si ya kumpa. Ile ua ya lantana yenye maua ya rangi rangi pia ing'oe ama uzungushie mbali. Mimi nilikata mti wa avokado ambao mama mkwe alipanda mwenyewe, na hiyo ni hadithi ya siku ingine, bado tunaiongea Krismasi.

Jambo lingine hapo hapo: farasi hawezi kukaa peke yake. Ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake halali vizuri kwa sababu hakuna wa kumlinda, anatembea kwa fensi akilia mpaka anakonda. Kama huwezi kununua wawili mpe punda. Kwanza punda wa huku ni rahisi kupata na ni mtulivu. Mzee wangu anaishi na punda jike mmoja mwenye kiburi sana na ndiye bosi wa hapa, si mimi.

HATUA YA TATU: KUNUNUA

Kabla ya Mzee, nilimnunua wa kwanza kama mjinga. Broka aliniambia ana miaka minane, mpole kama kondoo, na siku nilipofika alikuwa tayari amefungwa tandiko ananingoja, ametulia, nikasema huyu ndiye. Kumleta nyumbani, siku ya tatu hakuna mtu anaweza kumkaribia. Baadaye guka aliniambia pengine walikuwa wamemzungusha mpaka akachoka kabla nifike. Na kuangalia meno, alikuwa na miaka mitatu na kitu, mtoto kabisa. Nilimrudisha kwa hasara ambayo sitaitaja kwa sababu mume wangu anaweza kusoma hapa.

Kwa hivyo fanya hivi. Fika bila kusema saa. Omba umwone akiwa malishoni, uone anavyokamatwa, kama anakimbia ukitoka na kamba hiyo utakuwa nayo kila asubuhi. Mguse miguu yote kutoka juu hadi chini, sikiliza na kiganja kama kuna mahali pana joto au uvimbe, linganisha kulia na kushoto. Mwone akitembea na kwenda matiti kwa ardhi ngumu bila tandiko. Farasi anayeumia mguu wa mbele huinua kichwa kila huo mguu ukigusa chini, hata mtu mgeni anaona akitulia. Mwenye farasi ampande yeye kwanza. Akikataa kumpanda farasi wake, wewe una haraka gani? Halafu rudi siku ingine, panda wewe.

Meno: yale ya mbele ya utu uzima huja mawili ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Akifika mitano mdomo umejaa. Kuanzia hapo kukisia kunakuwa kazi ya daktari. Na lazima uwe na daktari wa mifugo wako, si wa muuzaji, amkague kabla pesa haijatoka. Usitume M-Pesa ya kushikilia. Usitume.

Kwa mtu anayeanza tafuta aliyehasiwa, wa miaka 10 hadi 15, ambaye ameshaona mambo. Usiogope huo umri, farasi akitunzwa hufika 25 na wengine 30. Wengi wa bei nafuu Kenya ni wale waliostaafu mashindano pale Ngong, ambapo mbio zimekuwepo tangu 1954. Hao ni wazuri, wana damu ya moto kidogo, lakini kumbuka farasi wa mbio amefundishwa kitu kimoja, kwamba mtu akiinama mbele na kukaza hatamu maana yake ni twende. Mzee ni mmoja wao. Alikaa karibu mwaka mzima akijifunza kwamba barabara si uwanja, na hiyo kazi nilifanyiwa na mtu anayejua. Kama huna mtu kama huyo karibu, acha wa mbio, chukua aliyezoea kubeba watalii au watoto.

Ukishalipa, nenda ofisi ya mifugo upate kibali cha kumsafirisha, lori lipakizwe mchana, sakafu iwekwe nyasi asiteleze, na mtu asafiri karibu naye. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita kama 160, na ile miteremko ya kushuka Rift mwambie dereva aende pole, farasi amesimama na hana mahali pa kushika.

HATUA YA NNE: CHAKULA, NA HAPA NISIKILIZE VIZURI

Hapa ndipo farasi wengi wa huku hufia, kwa mikono ya watu wanaowapenda, kwa sababu tunawalisha kama ng'ombe.

Ng'ombe anajaza tumbo kubwa halafu analala anacheua. Farasi ana tumbo dogo, linalotoa asidi mchana na usiku iwe kuna chakula ama hakuna, kwa hivyo ameumbwa kula kidogo kidogo karibu siku nzima. Nyasi ndio chakula chenyewe, hizo nafaka ni nyongeza tu. Farasi wa kilo 450 anataka kama kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Kama hujui uzito wake chukua futi ya fundi wa nguo, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, zidisha kwa hiyo hiyo namba, kisha zidisha na urefu wake kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, halafu gawa kwa 11,877. Unapata kilo, si kamili lakini inakaribia.

Boma rhodes ndio nyasi yangu. Beli moja hapa ni kama kilo 12, kwa hivyo Mzee peke yake anamaliza beli 20 na kitu kwa mwezi, na msimu wa kiangazi bei inapanda mpaka unaanza kumwangalia vibaya akitafuna. Nunua nyingi baada ya mvua, weka juu ya mbao zisiguse chini. Beli ikifunguka na vumbi jeupe au harufu ya uvundo, hiyo usimpe hata kama umelipia.

Sasa napier. Najua uko nayo, kila mtu ako nayo. Napier na setaria zina kitu kinachoitwa oksaleti ambacho kinashika kalsiamu tumboni, farasi akizila kama chakula kikuu miezi mingi, mwili unaanza kutoa kalsiamu kwa mifupa na uso unavimba, anachechemea bila sababu. Kidogo si mbaya, ila usimfanye aishi hapo. Mwongezee lusani (alfalfa) konzi chache kwa siku, ina kalsiamu nyingi.

Chakula cha madukani cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku, HAPANA. Baadhi huwekwa monensin, dawa ambayo ng'ombe na kuku wanaivumilia lakini kwa farasi inaua misuli ya moyo, kiasi kidogo tu. Muuzaji akikuambia "hii hata farasi anakula", muulize kama ana farasi. Fungia magunia ya kuku mahali farasi hawezi kufika hata akifungua mlango, na atafungua, hao wana midomo kama vidole.

Mahindi mabovu pia hapana. Tunajua kwetu mahindi yakiingia ukungu mtu husema "peleka kwa mifugo". Kuna sumu ya ukungu wa mahindi inayoyeyusha ubongo wa farasi, si msemo, ni ubongo wenyewe, na hakuna tiba. Kama ni nafaka mpe shayiri au oti safi kidogo, hasa kama anafanya kazi. Mzee kwa kazi yake ya kunizungusha Njoro hahitaji hata hiyo.

Maji ni lita 25 hadi 50 kwa siku, kwa hivyo mitungi miwili ya lita 20 isikose. Jiwe la chumvi la kulamba. Karoti zetu za Molo na Njoro ndio peremende, zikate ndefu ndefu, usikate duara kama za pilau kwa sababu zinaweza kukwama kooni.

HATUA YA TANO: MAGONJWA

Jifunze farasi wako akiwa mzima ndio ujue akiwa mgonjwa. Joto lake ni 37.5 hadi 38.5, moyo ni mapigo 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia, pumzi 8 hadi 16. Andika kwa karatasi ubandike kwa banda.

Ule mkubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na virusi, unaenezwa na usubi, hao wadudu wadogo kuliko mbu, na pundamilia huubeba bila kuumwa, kwa hivyo sisi tulio karibu na Lake Nakuru na Soysambu tuamke. Homa kali, macho yanavimba juu yake, povu linatoka puani, na ile aina ya mapafu inaua wengi sana kwa siku chache. Hauna dawa, una chanjo, na chanjo ni kila mwaka, ongea na daktari uipange kabla ya mvua. Usubi huuma jioni na alfajiri, kwa hivyo mwingize ndani kabla jua kuzama. Kama uko Kisumu, hasa kule chini Ahero kwenye mpunga, hayo matope ndio hospitali ya uzazi ya usubi, wewe huna uchaguzi, banda liwe na wavu.

Kupe huleta homa nyingine, farasi anageuka manjano kwa ufizi na hana nguvu. Kila jioni pitisha mkono chini ya taya, masikioni, chini ya mkia. Lakini skiza: usimpeleke kwa dipu ya ng'ombe. Dawa nyingi za kupe tunazonyunyizia ng'ombe zina amitraz, na amitraz inasimamisha tumbo la farasi. Soma karatasi ya chupa au uliza daktari.

Koliki, yaani maumivu ya tumbo, nimeiona mara mbili na sitaki ya tatu. Farasi hawezi kutapika, njia ni moja tu. Ataangalia ubavu wake, atakuna chini, atalala na kuamka, atagaagaa, hatatoa mavi. Mara ya kwanza ilikuwa usiku wa saa nane, Mzee alikuwa amefungua mlango wa stoo akajilia lusani karibu gunia zima. Toa chakula chote, piga simu saa hiyo hiyo, mtembeze pole pole kama amekubali kutembea, na usimpe soda wala mafuta ya kupikia wala ile dawa ya jirani. Tulitembea mimi na yeye kwenye baridi mpaka taa za daktari zikaonekana kwa barabara saa kumi, na alipotoa mavi kidogo saa kumi na moja nilipiga kelele mpaka mume wangu akafikiri ni wezi.

Pepopunda achanjwe. Minyoo daktari apime mavi kwanza badala ya kumpa dawa kila mara. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Hapa ndio shida, mafundi wa kwato ni wachache, mimi huungana na wenye farasi wengine wawili tunamlipia fundi nauli pamoja.

HATUA YA SITA: KILA SIKU

Saa kumi na mbili na robo naenda na tochi. Anajua hatua zangu, kabla nifike kwa lango anatoa ile sauti ya chini chini, si ile ya kulia kwa nguvu, ni kama mtu anasafisha koo kwa heshima. Punda naye anabweka kama honi ya matatu na heshima yote inaisha.

Brashi kwanza. Anza shingoni, shuka, fuata manyoya yanavyolala. Si urembo, ni njia ya kupata kidonda, kupe, uvimbe. Halafu kwato: simama kando, uso wako uelekee mkia wake, pitisha mkono mguuni hadi chini, bonyeza kidogo nyuma ya mguu, atainua. Chokoa kutoka kisigino kuelekea mbele, ukipita pembeni mwa kile kipande laini cha pembe tatu. Ikitoka nyeusi na harufu mbaya, banda lako lina unyevu, laumu sakafu.

Hapa ndipo nilipata ile furaha niliyosema mwanzoni haiko pale watu hudhani. Mimi ni mtu wa haraka, nafanya kazi ya simu na kompyuta, natoka nyumbani nimekunja mabega. Nikiingia hivyo Mzee anainua kichwa, anakaza, hataki kwato ziguswe. Mwanzoni nilikuwa nafikiria ana kiburi. Guka akaniambia nipumue kwanza, nje, kabla ya kufungua lango. Nikapumua, nikateremsha mabega, nikaingia, akateremsha kichwa. Nikajaribu tena kesho yake. Kila siku ananiambia vile nimeamka kabla mimi mwenyewe sijajua, na hakuna mtu kwa familia yangu ameweza hiyo, na wananipenda. Kuna asubuhi nimesimama tu hapo paji langu likiwa kwa shingo yake, joto lile, harufu ya nyasi, nje bado kuna ukungu unatoka upande wa Mau, na nikaenda kazini bila kupanda kabisa, na sikuona nimekosa kitu.

HATUA YA SABA: KUPANDA

Tandiko limtoshe yeye, si wewe. Lisiguse mfupa wa mgongo, vidole viwili au vitatu vipite juu ya nundu ya mabega ukiwa umekaa. La mitumba ni sawa lakini pindua uangalie nyuzi na mikanda, ngozi ikipasuka ukikunja usinunue. Helmeti ya kupanda farasi, si ya bodaboda, na buti zenye kisigino kidogo ili mguu usipite kwa kikuku, ile pete ya chuma ya kukanyagia. Ukianguka mguu ukakwama pale utaburutwa.

Mkanda wa tumbo kaza pole pole, mara tatu. Kuna farasi hujaza pumzi wakati unakaza halafu wanaitoa. Mimi nilikaza mara moja, nikapanda, tandiko likazunguka na mimi nikiwa ndani yake, nikajikuta chini ya tumbo nikiangalia anga kati ya miguu minne. Mzee alisimama tu. Wa kwanza yule angenimaliza.

Panda kutoka upande wa kushoto, ukisimama kwa kitu cha juu kama kigoda kigumu, usimning'inie mgongoni. Kaa chini polepole. Visigino chini, macho mbele mahali unaenda, mikono laini kwa sababu ile hatamu inaishia kwa chuma mdomoni mwake. Akienda haraka usivute mfululizo, vuta achilia, vuta achilia. Ukikaza tu naye anakaza, na yeye ana kilo 450.

Wiki za kwanza kaa ndani ya fensi, mtu mwingine akiwepo. Ukitoka nje, anza na njia za murram asubuhi mapema, na mara za kwanza uwe na mwenzako. Chunga karatasi za nailoni zinazopeperuka, mbwa wa boma lisilo na lango, na bodaboda. Hawa wa stage yetu nilienda nikaongea nao, nikanunua chai, nikawaeleza kwamba wakipunguza mwendo na wasipige honi hatutaumizana, na sasa wananipisha wakisema "Mama Farasi, sisi tumezima". Ngano ikishavunwa omba wenye mashamba ruhusa, hayo mabua yaliyobaki ni barabara nzuri kuliko zote, laini na unaona mbali. Pale ndipo nilimwacha aende shoti mara ya kwanza na sikumbuki kama nilipiga kelele ya furaha ama ya uoga.

Yule babu wa boma la pili siku hizi huja jioni. Hasemi kitu, anasimama kwa fensi na maganda ya karoti kwa mfuko wa koti, anayatoa moja moja. Juzi nilimuuliza, baba, kwani amekusaidia na nini? Akasema mimi nimpe maji, mnyama ana kiu.

Ukirudi, ukibakisha kama mita mia tano, shuka. Legeza mkanda wa tumbo tundu moja, pandisha vikuku visimgonge, halafu tembea naye mpaka nyumbani. Anapoa, anazoea kwamba kurudi si mbio, na jasho likikauka chini ya tandiko mpanguse na maji kabla ya kumpa chakula. Weka mkono kifuani katikati ya miguu ya mbele. Kama bado pana moto, zunguka naye tena kidogo.